Sayari Elfu na Saa za Wana Wetu



Wiki hii safu yetu ya malezi inaingia mahali ambapo akina mama wengi hawajazoea kuingia. Tumekusudia kuuzungumzia mchezo wa kompyuta uitwao Starfield, na tofauti kubwa ya rai iliyozuka baina ya wachezaji wake. Vijana wetu huijadili michezo ya namna hii mbele yetu, sebuleni na wakati wa chakula, nasi hupita kama tusiosikia. Mmoja husema, “Mchezo ule mtupu.” Nduguye humjibu, “Wewe hukuufahamu.” Ukiwatega sikio utaona kuwa wanabishana juu ya mambo mazito: kazi iliyotiwa bidii hutambulikana vipi, ahadi ikipungua ni nani wa kulaumiwa, na saa za mtu zina thamani gani. Mzazi anayeyafahamu mabishano hayo amepata mlango wa kuingilia katika mazungumzo ya wanawe. Asiyeyafahamu hubakiwa na neno moja la kuwaambia, nalo ni “zima”.

Basi na tueleze kwanza mchezo wenyewe ni upi, kisha tuwasikilize waliousifu na walioulaumu, halafu turudi majumbani mwetu tuone la kufanya.

MCHEZO NA AHADI YAKE

Starfield umetengenezwa na Bethesda Game Studios, studio ya Marekani yenye makao yake Rockville, katika jimbo la Maryland, chini ya uongozi wa Todd Howard. Ulitangazwa mwaka 2018, ukatarajiwa kutoka Novemba 2022, ukaahirishwa, na hatimaye ukatoka tarehe 6 Septemba 2023 kwa kompyuta na kwa mashine za Xbox Series. Waliokuwa na PlayStation hawakuupata. Katikati ya kungoja huko, mwaka 2021, kampuni ya Microsoft, ambayo ndiyo mwenye Xbox, iliinunua kampuni inayoimiliki Bethesda kwa dola bilioni 7.5. Kwa hivyo mchezo huu ulitoka ukiwa umebebeshwa matumaini ya studio, ya mnunuzi, na ya watu waliongoja miaka mitano.

Hadithi yake imewekwa katika mwaka 2330. Wanadamu wameihama Dunia na kutawanyika katika nyota. Mchezaji huanza akiwa mchimba madini, akagusa kipande cha chuma cha ajabu kinachomwonyesha maono, kisha akajiunga na kikundi cha wavumbuzi kiitwacho Constellation ambacho kinavitafuta vipande vingine vya namna hiyo. Kuanzia hapo yuko huru. Mchezo huu ni wa aina ile ambayo mchezaji hujivika uhusika: hujichagulia jina, sura, kazi aliyoifanya zamani, malezi aliyolelewa na ujuzi atakaoukuza. Anaweza kuifuata hadithi kuu hadi mwisho, au akaiacha kando akawa mfanyabiashara, askari, au haramia wa angani. Hakuna anayemshika mkono kumwambia aende wapi.

Na kuhusu pa kwenda, neno lililovuma kuliko yote lilikuwa hesabu: sayari zaidi ya 1,000, ambazo mchezaji anaweza kutua juu yake na kutembea. Hesabu hiyo ndiyo iliyowavuta watu, na hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kuwagawanya.

WALIOUSIFU

Insafu inatutaka tuanze na waliofurahi, nao hawakuwa wachache. Kabla ya Septemba ile kwisha, studio ilitangaza kuwa wachezaji wamepita milioni 10. Yapo machapisho ya wachambuzi yaliyoupa mchezo alama zote, ingawa mengine mashuhuri, kama IGN na GameSpot, yaliupa 7 kati ya 10.

Jambo lililosifiwa mno ni ujenzi wa chombo cha anga. Mchezaji huunganisha kwa mkono wake injini, vyumba vya kulala, ghala la mizigo, tangi la mafuta na miguu ya kutulia. Uzito hupimwa dhidi ya nguvu; akizidisha mizigo bila kuongeza injini, chombo huwa kizito na kigeukaji kwa taabu. Vijana wenye mwelekeo wa uhandisi wamekaa katika sehemu hiyo saa nyingi bila kufyatua hata risasi moja.

La pili ni sura ya vitu. Watengenezaji wenyewe waliupa mtindo wao jina la “NASA-punk”, kwa maana kwamba vyombo vyao vina swichi, nyaya na rangi iliyochakaa, mithili ya vyombo vya safari za kweli za zamani. Mchezaji husimama juu ya mwezi usio na mtu, akaiona sayari kubwa yenye pete ikichomoza nyuma ya mlima, huku muziki wa Inon Zur ukipiga kwa upole. Wapo waliosema kuwa utulivu huo peke yake uliwatosha.

La tatu ni baadhi ya visa vya pembeni. Kimoja, kiitwacho Entangled, humtia mchezaji katika maabara iliyogawanyika kati ya malimwengu mawili. Katika mmoja, ajali imewaangamiza wafanyakazi akasalimika mtu mmoja tu. Katika wa pili, wafanyakazi wako hai, ila yule mtu mmoja ndiye aliyekufa. Mchezaji huulizwa ni nani aokolewe, na mwenye subira ya kuchunguza hugundua kuwa ipo njia ya kuwaokoa wote. Mama anaweza kumuuliza mwanawe, “Wewe ulimwokoa nani, na kwa nini?” Tunadhani ni swali litakaloanzisha mazungumzo marefu kuliko “Umeshasoma?”

WALIOULAUMU

Malalamiko nayo yalikuwa na hoja, na hoja ya kwanza ni safari yenyewe. Katika mchezo wa safari za angani, mtu hutarajia kuondoka ardhini kwa chombo chake, apae, aione sayari ikipungua nyuma yake, kisha ateremke kwingine. Katika Starfield haiwi hivyo. Mchezaji hufungua ramani, huchagua aendako, kioo huzimika akangoja kidogo, kisha hujikuta amefika. Anaweza kurusha chombo akiwa angani, lakini kutoka ardhini hadi angani, na kutoka nyota hadi nyota, huvushwa na ramani na kungoja. Wengi walisema walihisi wanasafiri ndani ya orodha ya vituo, na safari hawaioni.

Hoja ya pili ni marudio. Miji mikubwa kama New Atlantis, Akila na Neon ilitengenezwa kwa mikono ya mafundi. Lakini sayari elfu hazitengenezeki kwa mikono. Ardhi nyingi huundwa na kompyuta kwa kufuata kanuni za hesabu, kisha juu yake hupachikwa majengo yaliyotayarishwa kutoka ghala lisilo kubwa sana. Matokeo yake ni kuwa mchezaji hutua katika sayari ya mbali, akatembea mwendo mrefu kuliendea jengo, akalikuta ni lile lile alilolipekua katika sayari nyingine: maadui katika pembe zile zile, na barua ile ile juu ya meza ile ile. Na kwa kuwa mchezo ulipotoka haukuwa na gari la ardhini, mwendo huo mrefu ulikuwa wa miguu.

Hoja ya tatu ilihusu watu wa ndani ya mchezo. Wachezaji wengi waliona kuwa nyuso na mazungumzo yao yalikuwa ya mtindo wa zamani, na kwamba maamuzi ya mchezaji aghalabu hayaubadilishi ulimwengu unaomzunguka.

KWA NINI MACHO YAKATOFAUTIANA

Wanaopaka hina wataielewa hoja ya marudio kuliko yeyote. Hina iliyochorwa kwa mkono huwa na ua lililoinama kidogo kuufuata mfupa wa kiganja, na tawi lililopindishwa kwa sababu mchoraji aliuona mkono wa bibi arusi akaamua papo hapo. Hina ya karatasi ya kubandika ni safi na ni ya haraka, na mikono elfu inaweza kupambwa kwa siku moja. Lakini ukikaa katika kundi la wanawake arubaini wote wakiwa na ua lile lile mahali pale pale, macho huchoka. Karatasi haina kosa lolote ila moja tu, kwamba haikukuona.

Studio hii ilijipatia jina kwa kazi ya mkono. Mchezo wake mashuhuri wa mwaka 2011, Skyrim, ulikuwa nchi moja tu ya milima na theluji. Mchezaji aliuona mlima kwa mbali akaanza kuuendea kwa miguu, na kabla hajaufikia alikuwa amekutana na pango, kibanda cha mchawi, au msafiri mwenye shida yake. Njia ndiyo iliyokuwa mchezo. Starfield ulipoitawanya nchi moja ikawa sayari elfu na kuziunganisha kwa ramani, njia ilikatika. Waliokuja kuitafuta Skyrim katika nyota hawakuipata njia yao, na huzuni yao ina sababu.

Wengine walikuja wakitaka urubani wa kweli wa angani, nao hawakuupata. Wa tatu walikuja kujenga, kukusanya na kutulia baada ya kazi za mchana, na hao ndio wengi wao walioridhika. Kwa hivyo watu watatu wanaweza kutoa kauli tatu juu ya kitu kimoja na kila mmoja akawa mkweli, kwa kuwa kila mmoja alikiendea kwa nia yake. Hili ni funzo la kumfunza kijana katika kusoma maoni ya watu juu ya kitu chochote, iwe ni mchezo, simu au chuo cha kusomea: kabla hujaichukua kauli ya mtu, tazama alikuwa anatafuta nini.

Liko na jambo jingine la kutazama, nalo ni saa. Katika duka la mtandaoni la Steam, ambako wachezaji wa kompyuta hununua michezo na kuandika maoni yao, kila maoni huonyeshwa pamoja na idadi ya saa ambazo mwandishi wake amecheza. Mwanzoni, maoni ya Starfield yaliegemea upande wa sifa. Kufikia Novemba 2023 yalikuwa yameshuka hadi daraja la “mchanganyiko”. Na katika walioandika kuwa hawaupendekezi mchezo huu, walikuwamo watu waliokuwa wameucheza saa mia na zaidi.

Baadhi ya watu waliwacheka: vipi mtu ale sinia zima kisha aseme chakula kibaya? Sisi tunaona kicheko hicho hakina haki. Ila ya marudio haionekani katika saa kumi za mwanzo. Mwanzoni kila jengo ni jipya, kila sayari ina rangi yake, na mtu husema pana utajiri usiokwisha. Ni mpaka amelikuta jengo la tatu lililo sawa na la kwanza ndipo hujua kuwa ghala lina mwisho. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sifa za wiki ya kwanza zilikuwa sifa za kipya, na lawama za mwezi wa tatu zilitoka kwa waliokwisha kukizoea. Hapa pana faida kwa mfuko wa nyumba pia. Kijana akitaka kununua mchezo mpya, mwambieni angoje miezi mitatu, kisha asome maoni ya waliokaa nao muda mrefu.

WATENGENEZAJI WALIVYOJIBU

Mwezi huo wa Novemba, wahudumu wa studio walianza kuwajibu baadhi ya wachezaji walioandika lawama. Majibu yao yalikuwa na adabu ya maneno, lakini maana yake ilikuwa kwamba baadhi ya sayari zimeachwa tupu kwa makusudi, na kwamba hata wanaanga waliotua juu ya mwezi hawakukuta kitu na bado hawakuchoshwa. Wachezaji wengi waliudhika. Mtu aliyefika mwezini kwa kweli amefanya jambo ambalo halijafanywa. Aliyekaa mbele ya kioo ametoa pesa na saa zake kwa ajili ya kitu kilichotengenezwa, na ahadi ni deni. Januari 2024, katika kura ya wachezaji wa Steam, Starfield ulishinda tuzo ya mchezo wenye ubunifu zaidi, na ghadhabu ilikuwa imefika pahala ambapo wengine waliichukulia tuzo hiyo kuwa ni dhihaka ya wapiga kura.

Hata hivyo studio haikulala. Mei 2024 iliongeza ramani za miji, ambazo hazikuwapo. Agosti ikaleta gari la ardhini. Tarehe 30 Septemba 2024 ikatoa nyongeza iitwayo Shattered Space, ambayo kisa chake kimewekwa zaidi katika sayari moja iliyotengenezwa kwa mkono, kana kwamba wanakiri kimya kimya pale palipovuja. Nyongeza hiyo nayo iliwagawanya watu, wakasema mahali pamekuwa pazuri lakini kisa hakikutosha.

Mfano wa kulinganisha upo. Mwaka 2016 studio ndogo ya Guildford, Uingereza, iitwayo Hello Games, ilitoa mchezo wa angani No Man's Sky, wenye sayari nyingi mno zilizoundwa kwa hesabu. Wanunuzi walikasirika vikali, kwani mambo kadhaa yaliyozungumzwa kabla hawakuyaona. Studio ile ilipunguza maneno, ikakaa kazini, ikawa inatoa nyongeza bila malipo mwaka baada ya mwaka, hata wengi wa waliokuwa wakiulaumu wakarudi kuusifu. Kijana wetu anayejifunza ufundi wowote, awe fundi wa magari au mshonaji, ana la kuchukua hapo: mteja akinung'unika, mkono humjibu vizuri zaidi kuliko ulimi.

TURUDI NYUMBANI

Sasa tuyatazame yanayoihusu nyumba ya Kiislamu. Hukumu ya kisheria ya michezo ya namna hii tunawaachia masheikh wetu. Sisi tutasema yale ambayo mzazi anapaswa kuyajua kabla ya kuamua.

Kwanza, umri. Bodi inayopanga madaraja ya michezo Marekani iliupa Starfield daraja la M, yaani wa miaka 17 na kuendelea, kwa sababu ya mapigano na damu, lugha chafu, matumizi ya dawa za kulevya, na mambo yenye kuashiria mapenzi. Katika mji wa Neon kuna dawa ya kulevya iitwayo Aurora inayouzwa waziwazi. Mchezaji pia anaweza kuingia katika mapenzi na hata ndoa na baadhi ya wenzake wa safari. Kwa hivyo mtoto wa miaka kumi na miwili hana lake humo, hata kama binamu yake mkubwa anao.

Pili, itikadi. Ndani ya mchezo kuna kaumu inayomwabudu nyoka mkubwa, kuna kundi linaloamini kuwa Mungu hukaribiwa kwa kusafiri katika nyota, na kuna kundi linalokana dini zote. Mchezaji anaweza kuchagua kuwa amelelewa katika mojawapo. Mwishoni mwa hadithi huonyeshwa mlango wa kuyaacha yote aliyoyajenga, vyombo, nyumba na wenzake, akaanza maisha upya katika ulimwengu mwingine. Kijana mkubwa aliyesimama juu ya tawhidi atayaona haya kuwa ni hikaya tu. Pamoja na hayo, aulizwe: waandishi hawa wanaichora vipi dini, na wanamchora vipi mtu mwenye dini? Jibu lake litamwonyesha mzazi mengi kuhusu moyo wa mwanawe.

Tatu, gharama. Ulipotoka, bei yake ilikuwa dola 70, ambazo kwa kiwango cha wakati ule zilipita shilingi 10,000, na hapo hujahesabu mashine ya kuuchezea. Huhitaji nafasi ya takriban gigabaiti 125. Nyumba inayotegemea bando za simu ijue kuwa kuupakua peke yake kunaweza kumaliza bajeti ya intaneti ya mwezi.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, ni wakati. Hadithi kuu huchukua makumi ya saa, na mwenye kutaka kila kitu hupita mia bila kuona mwisho. Lakini lipo jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Starfield huchezwa na mtu mmoja peke yake. Hamna wageni wasiojulikana wanaozungumza na mtoto humo ndani, na hakuna timu inayomngoja. Mchezaji anaweza kusimamisha na kuhifadhi alipofika, kisha akaondoka. Michezo ya mashindano ya mtandaoni ni kinyume chake. Huko akitoka katikati huwaharibia wenzake. Basi adhana ikilia, na kijana akasema kuwa mchezo huu hauachiki, mama ana haki ya kumjibu kwa upole, “Mwanangu, huu unahifadhika. Hifadhi, ukatawadhe.” Amri iliyosimama juu ya ujuzi hutiiwa kwa wepesi zaidi, kwani mtoto hapati pa kujifichia.

Tunapendekeza pia kuwa nyumba iweke hesabu ya wazi. Mashine nyingi huonyesha saa zilizochezwa. Mwisho wa wiki, baba au mama akae na kijana waitazame namba hiyo pamoja, bila ya kelele. Kisha aulizwe maswali mawili: katika saa hizi umepata nini, na kipi kimepungua kwa ajili yake? Huenda akajibu kuwa amepumzika baada ya wiki ya mitihani, na hilo ni jibu la halali la mtu mzima. Huenda akanyamaza. Akinyamaza, msimkimbilie kwa hotuba. Wale walioandika kuwa wametumia saa mia kisha hawaupendekezi mchezo walikuwa wanasema kwa ulimi wao jambo ambalo mzazi hutaka mwanawe alifahamu: kwamba faragha ni neema, nayo ikishatumika hairejeshwi dukani. Kijana husikia neno hilo vizuri zaidi kutoka kwa mchezaji mwenziwe. Msomeeni maoni hayo, muyazungumze.

NYOTA ZENYEWE

Mwisho, tusiidharau kiu iliyompeleka kijana katika mchezo huu. Mtu anayetamani kwenda katika nyota ametamani kitu kizuri, na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuagiza nyota kutoka Maryland. Manahodha wetu walizisoma nyota walipokuwa wakisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi. Abd al-Rahman al-Sufi aliandika kitabu chake cha sura za nyota karibu mwaka 964, na majina mengi ambayo ulimwengu wote unayatumia hadi leo ni ya Kiarabu. Altair ni tai arukaye. Aldebaran ni mfuasi, ikaitwa hivyo kwa kuwa huifuata Kilimia angani usiku kucha. Shi'ra, ile nyota ing'aayo kuliko zote za usiku, imetajwa kwa jina katika Suratun-Najm.

Wala safari za angani hazikuwa mbali nasi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti ya NASA iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa Dunia wenyewe hukisukuma chombo kinachopaa. Kijana anayejenga vyombo katika kioo apate kujua kuwa chombo cha kweli kilipaa kutoka bahari anayoogelea.

Basi usiku mmoja baada ya Isha, umeme ukiwa umekatika au mkiwa mmeuzima kwa khiari, pandeni juu ya dari pamoja na watoto. Waonyesheni Kilimia na mfuasi wake. Muulizeni yule mcheza Starfield awaeleze anayoyajua kuhusu sayari na pete zake, kwani huenda anajua mengi kuliko mlivyodhani, na huenda hakuna aliyewahi kumuuliza.

Twamuomba Allah awape wana wetu manufaa katika wakati wao, na atupe sisi subira ya kuwasikiliza. Wabillahi tawfiq.